Nyumba Ndogo ya Makumbusho ya Askari Katika Mji wa Brecon



Katika nchi ya Wales, magharibi ya Uingereza, uko mji mdogo uitwao Brecon. Wenyeji katika lugha yao huuita Aberhonddu, maana yake ni mahali mto Honddu unapoishia, kwa kuwa hapo ndipo unapoingia katika mto Usk. Kusini ya mji husimama milima ya Bannau Brycheiniog, na kilele chake kirefu, Pen y Fan, kina meta 886. Kwa mtu aliyezoea kuutazama Mlima Kenya hicho ni kilima tu, walakini baridi na ukungu wake vimewatesa askari wengi hodari waliopelekwa huko kufanya mazoezi. Mji wenyewe ni wa kale. Wanormani walijenga ngome hapo katika karne ya kumi na moja, na kanisa la watawa lililokuwa jirani ya ngome hiyo likafanywa kanisa kuu la askofu mwaka 1923.

Kando ya barabara iitwayo The Watton, karibu na kambi ya askari, ndipo ilipowekwa nyumba ya makumbusho ya kikosi cha mji huo. Si jumba kubwa kama yale ya London. Mtu mwenye haraka aweza kuimaliza kwa nusu saa, akatoka na kusema kwamba ameona bunduki za zamani, makoti mekundu na nishani nyingi. Lakini asiye na haraka atatoka na jambo kubwa zaidi, na jambo hilo lamhusu hata mtu wa Mombasa, au Kisumu, au Nyeri, ambaye hajapata kuvuka bahari.

UKOO WA ASKARI

Yafaa kwanza kueleza maana ya kikosi katika jeshi la Uingereza. Kikosi hufanana na ukoo. Kina jina lake, siku zake za ukumbusho, mila zake, na wazee wake wanaoyatunza mambo hayo. Kijana aingiapo hufundishwa habari za waliomtangulia, kama mtoto afundishwavyo majina ya babu zake. Hapo zamani kila batalioni ilichukua bendera mbili vitani, moja ya Mfalme au Malkia na moja ya kikosi chenyewe, na kupoteza bendera kulihesabiwa kuwa aibu kubwa kuliko kupoteza mzinga.

Kikosi cha 24 kiliundwa mwaka 1689. Mwaka 1873 mji wa Brecon ulifanywa kuwa makao yake. Mwaka 1881 kilipewa jina la South Wales Borderers, mwaka 1969 kikaunganishwa na kikosi kingine cha Wales, na mwaka 2006 kikawa sehemu ya kikosi kiitwacho Royal Welsh. Majina yalibadilika, lakini vitu vilihifadhiwa: barua, ngoma, picha, panga, nishani na daftari. Na katika vitu vyote hivyo, vilivyowavuta wageni zaidi kwa miaka mingi ni vya siku moja tu, yaani Jumatano ya tarehe 22 Januari 1879, katika nchi ya Wazulu, Afrika ya Kusini.

SABABU YA VITA

Vita hivyo vilikuwa na chanzo ambacho watu wa pwani ya Kenya wana haki ya kukijua. Mwaka 1873 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka huo, Frere akiwa amekwisha ondoka, kwa kazi ya Balozi John Kirk. Baada ya hapo wamisionari walijenga kijiji cha watumwa waliokombolewa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakakiita Frere Town kwa heshima yake. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni.

Mtu yule yule, ambaye jina lake Mombasa lilihusishwa na uhuru, alipelekwa baadaye Afrika ya Kusini kuwa mwakilishi mkuu wa Malkia. Huko aliona kwamba ufalme wa Wazulu wenye jeshi lake kubwa ulikuwa kizuizi kwa mipango yake. Tarehe 11 Desemba 1878 wajumbe wa Mfalme Cetshwayo walisomewa masharti kando ya mto Tugela. Mojawapo lilikuwa kwamba avunje mpango mzima wa jeshi lake. Sharti hilo hakuna mfalme ambaye angeliweza kulikubali akabaki mfalme. Serikali ya London haikuwa imetaka vita wakati huo. Hata hivyo, siku zilizowekwa zilipopita, tarehe 11 Januari 1879, jeshi chini ya Lord Chelmsford liliuvuka mto Mzinyathi na kuingia nchi ya Wazulu. Katika jeshi hilo zilikuwamo batalioni mbili za Kikosi cha 24.

ISANDLWANA

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 22, Chelmsford aliligawanya jeshi lake. Yeye aliondoka na sehemu moja kuwatafuta Wazulu, akaacha kambini, chini ya mlima wa Isandlwana, watu wapatao 1,700, Wazungu na Waafrika pamoja. Kambi haikuchimbiwa handaki, wala magari ya ng'ombe hayakupangwa kuizunguka kama boma, ijapokuwa kanuni alizozitoa mwenyewe zilishauri hivyo.

Wazulu hawakuwa upande alikowatafuta. Jeshi lao, wapata watu 20,000, chini ya Ntshingwayo kaMahole na Mavumengwana kaNdlela, lilikuwa limeketi kimya katika bonde upande mwingine. Lilipogunduliwa liliinuka na kushambulia kwa utaratibu wao wa kale uliofananishwa na nyati: kifua kikaja mbele, pembe mbili zikazunguka kulia na kushoto, na viuno vikabaki nyuma kuwa akiba. Vikosi vya Wazulu viliundwa kwa rika, vijana wa umri mmoja wakiwa pamoja, jambo ambalo makabila mengi ya Kenya hayahitaji kuelezwa. Mchana huo jua lilipatwa kwa sehemu, na mwanga ukafifia juu ya uwanja wa vita. Mwisho wake watu zaidi ya 1,300 wa jeshi la Waingereza walikuwa wamekufa, na katika hao wapata 600 walikuwa wa Kikosi cha 24. Wazulu nao walipoteza watu wengi mno, yamkini 1,000 au zaidi.

Luteni Melvill aliichukua bendera ya Malkia ya batalioni ya kwanza akapanda farasi kuiokoa. Alipofika mto Mzinyathi, uliokuwa umefurika, bendera ilimponyoka ikachukuliwa na maji. Luteni Coghill, aliyekuwa amekwisha vuka salama, alirudi majini kumsaidia. Wote wawili waliuawa ng'ambo ya pili. Bendera ilionekana mtoni siku chache baadaye, tarehe 4 Februari. Mwaka 1880 Malkia Victoria aliweka juu ya mti wake shada la maua makavu yasiyonyauka, na baadaye bendera hiyo ikaja kuwekwa katika kanisa kuu la Brecon. Maofisa wale wawili walipewa nishani ya Victoria Cross mwaka 1907, miaka 28 baada ya kufa, kwa kuwa hapo kwanza sheria haikuruhusu kumpa nishani hiyo mtu aliyekufa.

Mgeni na asimame kidogo hapo. Ukoo mwingi huficha siku ya kushindwa. Kikosi hiki kiliitunza kwa uangalifu ule ule kilivyotunza siku za ushindi, na jambo hilo ni la kusifiwa.

MAGUNIA YA MAHINDI

Alasiri ya siku ile ile Wazulu wapata 3,000 au 4,000, chini ya Dabulamanzi kaMpande, nduguye mfalme, walivuka mto wakaishambulia stesheni ya misioni iitwayo Rorke's Drift, ambayo ilikuwa imegeuzwa hospitali na ghala. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 150 tu, na wengine wao wagonjwa. Luteni Chard na Luteni Bromhead walisikiliza shauri la Dalton, ofisa wa chakula, kwamba kukimbia na wagonjwa katika magari ya ng'ombe ni kujitafutia kifo njiani. Basi wakajenga ukuta kwa vitu walivyokuwa navyo ghalani, yaani magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti. Vita vilianza yapata saa kumi na nusu alasiri, vikaendelea hata baada ya usiku wa manane. Waliokuwa ndani walikufa 17. Mizoga ya Wazulu iliyohesabiwa kuzunguka ukuta ilizidi 350, na majeruhi wao wengi waliuawa asubuhi yake, jambo ambalo halikutajwa sana wakati wa kutoa sifa.

Nishani 11 za Victoria Cross zilitolewa kwa ajili ya vita hivyo, 7 kwa watu wa Kikosi cha 24. Ushujaa wao haukuwa na shaka. Walakini waandishi wengi wa historia wameonyesha pia kwamba sifa za Rorke's Drift zilisaidia kuifunika aibu ya Isandlwana, na kwamba lawama ya kushindwa ilitupiwa zaidi Kanali Durnford, ambaye alikuwa amekufa na hakuweza kujibu.

Mwaka 1964 ilitolewa filamu iitwayo Zulu juu ya habari hizi, na Chifu Mangosuthu Buthelezi akacheza humo sehemu ya Cetshwayo, ambaye ni babu wa mama yake. Filamu hiyo iliwafanya wengi waamini kwamba askari wote wa Rorke's Drift walikuwa Wawelsh. Sivyo. Mwaka 1879 kikosi kilikuwa bado kina jina la Warwickshire, na wengi wa askari wale walizaliwa England. Mgeni anayesoma daftari za majina katika nyumba ya makumbusho hujifunza jambo ambalo mtazamaji wa filamu hulikosa.

JINA LA MTU

Katika waliopata nishani alikuwamo askari aliyeandikwa John Williams. Yeye na mwenziwe Henry Hook walikuwa hospitalini wakati mapaa ya nyasi yalipowaka moto. Mmoja alizuia mlango kwa singe, na mwingine akatoboa ukuta wa chumba hata chumba, wakiwavuta wagonjwa katika matundu hayo. Waliokoa wagonjwa wanane. Lakini jina la Williams halikuwa jina lake. Alizaliwa Abergavenny, si mbali na Brecon, na jina la ukoo wake lilikuwa Fielding. Alitoroka kwao akajiandikisha askari kwa jina la uongo ili wazee wake wasimpate. Alikufa mwaka 1932, akiwa wa mwisho kufa katika wale 11.

Mtu aliyejificha katika jina lisilo lake amejulikana kwa majina yake yote mawili, na mji wake, na mwaka wake wa kufa, kwa sababu palikuwapo daftari, na palikuwapo watu wa kuitunza. Hiyo ndiyo kazi hasa ya nyumba kama ile ya Brecon. Bunduki ya Martini-Henry iliyomo kabatini ni chuma na mti tu. Iliyofanya iwe na maana ni karatasi iliyo kando yake.

Sasa na akumbuke hesabu ya Isandlwana. Katika wale zaidi ya 1,300 waliokufa upande wa Waingereza, wapata 470 walikuwa Waafrika, wengi wao wa kikosi cha wenyeji wa Natal. Watu hao walipewa bunduki moja kwa kila watu kumi, na waliobaki walikwenda vitani na ngao na mikuki waliyotoka nayo majumbani. Ili wasidhaniwe kuwa adui, walifungwa kitambaa chekundu kichwani. Silaha zao zilifanana na za Wazulu, na lugha yao ilikaribiana, basi kilichowatenga ni kile kitambaa. Hao nao walikufa kwa ajili ya bendera ile ile iliyowekewa shada la maua. Walakini watu waliokusanya majina ya askari waliokufa siku ile hawakukusanya majina yao kwa bidii ile ile, na wengi wao wamebaki kuwa hesabu tu.

Wazulu wenyewe hawakuwa na daftari. Walizihifadhi habari zao kwa masimulizi na kwa izibongo, yaani tungo za kuwasifu wakuu na mashujaa. Ilipita miaka 120 kabla ya kusimamishwa pale Isandlwana, mwaka 1999, ukumbusho wa Wazulu waliokufa, uliofanywa kwa mfano wa mkufu waliovikwa mashujaa wao. Mpaka wakati huo mawe ya ukumbusho yaliyokuwapo uwanjani yalikuwa ya upande ulioshindwa, tena ya watu weupe wa upande huo.

HABARI YA HUKU KWETU

Asiwepo mtu wa Afrika ya Mashariki atakayesema kwamba hayo ni ya mbali. Katika Vita Kuu ya kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, wapagazi mamia ya maelfu walichukuliwa kubeba vyakula na risasi za majeshi ya Waingereza katika vita dhidi ya Wajerumani. Wapata 100,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu, wala si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kwa kikosi chao, Carrier Corps. Watu huenda sokoni huko kila siku kununua vikapu na mboga, na ni wachache wanaokumbuka kwamba wanatamka jina la jeshi.

Katikati ya Nairobi, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, zimesimama sanamu tatu za shaba, na moja ni ya mpagazi. Maneno ya chini yake yameandikwa kwa Kiswahili pia. Ni ukumbusho mzuri, lakini hauna jina hata moja la mtu. Mwaka 2021 kamati iliyowekwa na tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake. Ilisema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao, na kwamba wengine si chini ya 116,000, pengine hata 350,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi.

Radhi ni neno jema, lakini halimfufui mtu, wala halirudishi jina lililopotea. Majina ambayo hayajapotea ndiyo yanayoweza kuokolewa. Yapo majumbani, katika masanduku ya bati chini ya vitanda, pamoja na vyeti vya kodi na barua za shule. Katika nyumba nyingi za Kenya imo nishani ya babu aliyekuwa askari wa King's African Rifles huko Uhabeshi au Burma katika vita ya 1939 hadi 1945, au cheti chake cha kuachishwa jeshi, au picha yake akiwa amevaa kofia ya pembeni. Nishani imepoteza utepe wake, na watoto huichezea. Picha haina maandishi nyuma, na bibi pekee ndiye anayeweza kusema ni nani aliyesimama kushoto.

Mtu yeyote awezaye kushika kalamu aweza kufanya kazi ile iliyofanyika Brecon. Na amwulize bibi angali hai. Na aandike nyuma ya picha, kwa kalamu ya risasi ili wino usiharibu, jina kamili la mtu na la baba yake, kijiji chake, namba yake ya jeshi ikijulikana, mahali alipopelekwa, na mwaka aliorudi. Akiwa hakurudi, na aandike hivyo. Nishani isisuguliwe kwa mchanga, wala cheti kisikunjwe tena pale kilipokwisha kunjwa, kwa maana hapo ndipo kitakapokatika. Na pakiwapo wawili au watatu katika ukoo waliokuwa askari au wapagazi, majina yao na yaandikwe katika daftari moja, pasiachwe mtu kwa sababu alikuwa mbeba mizigo tu.

Nyumba ya makumbusho haianzi kwa jengo la mawe. Huanza siku mtu anapofungua sanduku, akatoa karatasi, na kuuliza, "Huyu alikuwa nani?" Nayo hufaa ikiwa bado yupo wa kujibu.